Barua za Wasomaji: Halmashauri Zetu Zinahitaji Kujua Nini?

Barua za safari hii zimenigusa kuliko kawaida. Zote zinazunguka jambo nililolihangaikia muda wote wa utumishi wangu: halmashauri inajuaje hali ya barabara zake, mvua yake, makorongo yake na taka zake, na nani aulizwe pale mtu anapokuja na nia ya kuleta TEHAMA ya kusaidia. Nilikuwa afisa mipango katika halmashauri za mikoa ya Dodoma na Singida hadi nilipostaafu. Sasa naishi Kikuyu, hapa hapa Dodoma mjini, na wengi mnaoniandikia mnanijua kwa jina la Mama Mipango.

Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili hapa Dodoma. Utafiti wangu unahusu mahitaji ya TEHAMA katika usafiri na mazingira kwenye halmashauri za mkoa wetu. Nimeandaa dodoso lenye maswali kama "Je, halmashauri yako inahitaji mfumo wa kidijitali wa kusimamia barabara?" na "Je, mnahitaji mfumo wa taarifa za mazingira?" Nimelijaribu kwenye halmashauri mbili, na kila niliyemuuliza amejibu ndiyo kwa kila swali. Msimamizi wangu anasema matokeo ni mazuri, ila mimi sina amani nayo. Nifanyeje? — Mwanafunzi, Dodoma

Marahaba mwanangu. Isikilize hiyo nafsi yako isiyotulia, imeona kweli. Afisa yeyote ukimuuliza kama anahitaji mfumo atakujibu ndiyo. Akisema hapana hapati kitu, na pengine anadhani nyuma yako yuko mfadhili. Majibu uliyokusanya ni ya kumstahi mgeni. Hayakwambii nani anakwama wapi, wala kwa sababu gani.

Badilisha maswali. Muulize mtu kazi aliyoifanya, na hasa uamuzi wa mwisho alioufanya mwenyewe. Mara ya mwisho barabara ya kata hii kukatika ilikuwa lini? Nani aliona kwanza? Alimwambia nani, na kwa njia gani? Mhandisi alipata habari baada ya muda gani, na akapeleka nini: greda, mafundi, au barua? Kama kuna jambo angelijua jioni ya siku iliyotangulia, ni lipi ambalo lingemfanya aamue vingine? Mtu akikujibu hayo kwa utulivu, hitaji lake utaliona bila yeye kulitaja.

Nikupe mfano. Niliwahi kukaa na mtendaji wa kata mmoja, upande wa kuelekea Bahi. Tulikuwa tumekwenda kwa mambo ya bajeti, na mazungumzo yakafika kwenye barabara. Akafungua droo ya meza akatoa kauntabuku yenye jalada gumu, kona zimeshalika. Ndani alikuwa amepiga mistari kwa rula akapata safu: tarehe, jina la korongo, saa maji yalipoanza kupita juu ya drifti (kivuko cha zege cha korongoni), saa yalipopungua, na safu ya mwisho aliyoiandika "madhara". Katika safu hiyo nikasoma: "Mjamzito kavushwa kwa mkokoteni wa ng'ombe." Chini yake: "Lori la alizeti limelala ng'ambo." Chini yake tena: "Walimu wawili hawakufika." Hakuna aliyemtuma kuandika. Alianza, akaniambia, kwa sababu kila alipotoa taarifa wilayani aliulizwa "lini hasa?" na alitaka awe na jibu.

Kurasa zile zilikuwa za misimu mingi ya mvua, na hakuna ofisi iliyowahi kuomba kuziona. Ungemfikishia dodoso lako angeweka tiki kwenye ndiyo, mkaagana vizuri, na kauntabuku ingebaki droo. Nilipomuuliza ni kitu gani kingemsaidia, hakutaja kompyuta. Alitaka namba moja ya simu wilayani yenye mtu mmoja anayepokea ujumbe, anauandika kwenye barabara husika, kisha anamrudishia jibu. Ukipima kwa vifaa, hitaji hilo linatoshelezwa na simu ya kitochi. Ukipima kwa utaratibu ni hitaji kubwa, kwa maana linadai mtu apewe kazi hiyo kwa maandishi na apimwe kwayo.

Jambo la pili ni hili neno "halmashauri" kwenye kichwa cha utafiti wako. Ukiingia ofisini ukauliza habari za barabara, unaweza kukuta unayemuuliza si mwenye nazo. Tangu 2017 barabara za vijijini na mijini ziko chini ya TARURA. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS, iliyoanza 2000. Leseni za mabasi na daladala utazikuta LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Mvua inapimwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, na mito ina bodi za mabonde: Kinyasungwe inayopita Mpwapwa ni ya Bonde la Wami/Ruvu, lakini Bubu inayotoka Kondoa kuingia kwenye dimbwi la Bahi ni ya Bonde la Kati. Kilichobaki halmashauri ni stendi, taka, matumizi ya ardhi, na afisa mazingira ambaye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka kila halmashauri iwe naye. Pamoja na hayo yote, mwananchi hatafuti bodi wala wakala, anamwendea mtendaji wake. Dodoso lisiloonyesha taarifa inasafiri vipi kati ya ofisi hizi litakuwa limeacha kiini cha tatizo.

Kwa hiyo gawa mahojiano. Kaa na mhandisi wa TARURA wa wilaya, kaa na afisa mazingira, afisa mipango na afisa TEHAMA, kila mmoja peke yake, halafu waweke meza moja uwaulize tukio lile lile. Pale maelezo yanapopishana, andika kwa makini sana, maana hapo ndipo taarifa inapotea. Usiishie kwa wenye ofisi. Nenda kijiwe cha bodaboda. Wale vijana wanajua korongo lipi linapitika saa ngapi baada ya mvua, na wanajua zaidi ya ramani yoyote niliyowahi kuiona. Nenda zahanati kwa nesi anayeita gari la wagonjwa. Waulize akina mama wakiwa peke yao, kwa sababu mkutano wenye wazee wa kiume mbele hautakueleza njia ya kwenda kisimani.

Kuhusu vibali, anza na chuo chako, upite kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ndipo ufike kwa mkurugenzi. Usiende wakati wa kufunga bajeti, hawatakuwa na nafasi nawe. Na kwa kuwa huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, kama Desemba hadi Aprili, fanya mahojiano kiangazi, halafu ukiweza rudi kwenye mvua uone kwa macho uliyoambiwa.

Habari za kazi, Mama Mipango. Sisi tuna Excel moja ya barabara, nyingine ya taka, nyingine ya miti. Kuna watu wanatushawishi tununue mfumo. Excel haitoshi? — Afisa TEHAMA, Singida

Kwa sasa inatosha, mdogo wangu. Kinachowakwamisha nadhani ni majina. Fungua hayo majedwali matatu uone kata ya Mtinko imeandikwa kwa namna ngapi, na barabara moja ina majina mangapi. Chukueni orodha ya kata, vijiji na mitaa kama ilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, muitumie hiyo hiyo kila mahali, na kila barabara ibaki na namba ile iliyopewa na TARURA. Mkifika hapo majedwali yataungana, na siku mkinunua mfumo mtakuwa na cha kuweka ndani yake. Mkinunua kabla, mtahamishia vurugu ile ile kwenye skrini ya bei kubwa.

Mama, wilayani kwetu umekuja mradi unaotaka kutuwekea vipima mvua vya kielektroniki na vipima kina cha mto, pamoja na vishikwambi kwa watendaji. Tumepewa fomu ya kueleza mahitaji yetu na muda ni mfupi. Tuombe nini? — Afisa mazingira, Mpwapwa

Mwanangu, umeniandikia kutoka wilaya ambayo swali hili si la nadharia. Reli ya Kati, kipande cha Kilosa hadi Gulwe, imesombwa na maji mara nyingi, na mafuriko ya kati ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliifunga kwa miezi. Nyinyi mnaijua Kinyasungwe ikikauka na mnaijua ikija.

Kwanza, kabla ya kujaza fomu, mwite mhandisi wa barabara. Nimeona mara nyingi ofisi mbili zikiandika maombi mawili ya jambo moja. Wa barabara anaona kalavati limeziba mchanga na anaomba fedha za kulizibua, kila mwaka. Wa mazingira anaona kilima kimelimwa hadi kileleni na mifugo imemaliza nyasi, naye anaomba miche. Mchanga ulio ndani ya kalavati umetoka kwenye kilima hicho. Hapa kanda ya kati tulilijua hili zamani: mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye maeneo yaliyoharibika sana ya Kondoa, uamuzi uliowauma wafugaji na ambao vilima vile bado vinausimulia. Ombeni ramani moja yenye vilima, makorongo, makalavati na barabara, ambayo ofisi zote mbili zitaifungua na kuisahihisha. Hilo liwe la kwanza kwenye fomu yenu.

Pili, msiombe kununuliwa kile ambacho kipo bure. Picha za setilaiti za Sentinel-2 zinapatikana bila malipo, zinaonyesha ardhi kwa vipande vya mita 10 na hurudi mahali pale pale kila baada ya siku tano hivi. Za Landsat zinaanzia 1972, kwa hiyo vilima vya Kondoa mnaweza kuviona tangu karibu na HADO ilipoanza. Wakati wa mawingu picha za kawaida hazioni chini, lakini rada ya Sentinel-1 huona. Programu ya kuchora ramani, QGIS, nayo ni bure. Kinachokosekana ni mtu aliyefundishwa vizuri, na aliyeachiwa muda wa kufanya kazi hiyo bila kuitwa kila asubuhi kuandika taarifa nyingine. Andikeni hilo bila aibu. Mafunzo ya siku chache hotelini hayamfikishi mtu popote.

Tatu, vile vipima vyenyewe. Sivipingi hata kidogo. Ila kila kifaa mtakachoomba, andikeni mbele yake: nani atalipia bando la laini iliyomo ndani, nani atabadilisha betri, kikiibiwa paneli ya sola nani atanunua nyingine, na ujumbe wa hatari ukitoka saa nane usiku unaingia kwenye simu ya nani. Kama mradi hauna majibu ya miaka inayofuata baada ya wao kuondoka, ombeni vichache zaidi na vya mkono zaidi. Kipima mvua cha kawaida kwenye uwanja wa shule, chenye mwalimu anayekisoma saa tatu asubuhi na kuandika, kina thamani kubwa.

Nakuambia hivyo kwa sababu ya Makutupora. Jiji la Dodoma linakunywa maji ya visima vya bonde lile, pale Mzakwe. Tangu miaka ya 1950 kuna watu wamekuwa wakipima kina cha maji ardhini pale na kuandika. Wapimaji walibadilika, idara zilibadilika majina, rejesta ikaendelea. Mwaka 2013 wanasayansi walichapisha walichokipata katika kumbukumbu ya miaka 55 ya vipimo hivyo: maji ya chini hayajazwi na kila masika. Hujazwa na misimu michache yenye mvua kubwa kupita kawaida, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998, kisha mji unaishi kwa akiba hiyo miaka kadhaa. Fikiria mji wenye wakazi wengi kiasi hiki ungepanga vipi maji yake bila kulijua hilo. Hakuna mradi wa miaka mitatu ambao ungeligundua. Kwa hiyo kwenye fomu yenu ombeni pia kitu ambacho miradi huwa haikiweki: mahali pa kutunza vipimo, kwenye karatasi na kwenye kompyuta, na jina la cheo kitakachovitunza hata mtu akihamishwa.

Vishikwambi? Vizuri, kama watendaji wenyewe wameviomba. Waulizeni kwanza chaji wanapata wapi.

Mimi ni diwani. Dodoma ni jiji sasa, foleni zimeanza na bodaboda zimejaa. Ulaya wana taa janja na kamera zinazohesabu magari. Kwa nini tusianze na hizo? — Diwani, Dodoma

Mheshimiwa, naelewa hamu yako, na sina ugomvi na taa. Manispaa yetu ilikuwa na watu 410,956 katika sensa ya 2012. Mwaka 2022, ikiwa tayari jiji, ilihesabiwa na watu 765,179. Wizara zimehamia Mtumba, treni ya mwendokasi inaleta abiria tangu 2024, na barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3 ilibuniwa ili malori yasipite katikati ya mji. Kila kimoja cha hivyo kinabadilisha njia za watu.

Hao wa Ulaya walitangulia kwa kuhesabu. Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, ilipojaribu kutoza magari yanayoingia mjini, kuanzia Januari hadi Julai 2006, iliweza kuwaonyesha wananchi foleni imepungua kwa sababu hesabu za kabla ya jaribio zilikuwepo. Watu wakapiga kura wakijua wanachopigia, na tozo ikawa ya kudumu mwaka uliofuata. Sisi tunaweza kuanza kuhesabu wiki ijayo. Vijana waliofundishwa, wakiwa na fomu, wakae kwenye makutano makubwa asubuhi na jioni, siku ya kazi na siku ya gulio. Wahesabu waenda kwa miguu, baiskeli, bodaboda, bajaji, daladala, magari madogo na malori, kila kundi mbali. Nasisitiza waenda kwa miguu, Mheshimiwa, kwa kuwa kamera nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya magari, na wapiga kura wako wengi wanatembea. Rudieni mwaka hadi mwaka kwenye makutano yale yale. Mkija kuomba taa, mtajua makutano yapi yanahitaji taa na yapi yanahitaji kivuko na tuta tu.

Mama Mipango, mtaani kwetu wanakuja watu na vishikwambi, wanatuuliza maji ya mvua yanaingia nyumba zipi, mitaro iko wapi, taka zinazolewa lini. Tunawatembeza kwenye jua. Wakiondoka hatuwasikii tena. Sasa wanakuja wengine na maswali yale yale, na wananchi wangu wamechoka. Nikiwakatalia nitakuwa nimekosea? — Mwenyekiti wa mtaa, Dodoma Jiji

Mwenyekiti, uchungu wako ni wa haki na nasikitika nawe. Watu waliokaa na maji ndani ya nyumba hadi kwenye vitanda, kuwaomba wasimulie tena na tena bila kuwarudishia chochote ni kuwakosea heshima. Hukosei kuwawekea masharti. Kuwakatalia kabisa ningekushauri usifanye, kwa sababu mtaa usio kwenye takwimu hukosa mtaro bajeti inapogawanywa.

Waambie hivi, mbele ya mtendaji wako ili iandikwe kwenye kumbukumbu. Kwanza waonyeshe kibali. Kisha waende jijini na kwa TARURA wakaulize waliotangulia walikusanya nini, na wakija kwako waje na maswali ambayo hayajajibiwa. Majina na namba za simu za watu wako waeleze wanazichukulia nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inampa mwananchi haki ya kujua taarifa zake zinakusanywa kwa kazi gani, kwa hiyo huombi hisani.

Sharti ninalolishikilia kuliko yote ni kurudi. Wapange tarehe ya kuleta matokeo kwenye mkutano wa mtaa, kwa Kiswahili, wananchi wakiwa na nafasi ya kusema "hapa mmekosea, mtaro huu haufiki barabarani". Na waache ramani. Dar es Salaam hilo limefanyika: kuanzia 2015, chini ya mradi wa Ramani Huria, wanafunzi na wakazi wa mitaa inayofurika walichora wenyewe mitaro, nyumba na maeneo ya maji, na ramani ikawekwa wazi kwa kila mtu. Aliyekuja baada yao hakuwa na sababu ya kuanza upya. Nawe dai karatasi kubwa ya mtaa wako, iliyochapishwa vizuri, ibandikwe ukutani ofisini kwa mtendaji, na nakala ya kompyuta ibaki kwa afisa mipango wa jiji.

Ukishaipata, kila mvua ikinyesha mtume kijana mmoja aweke alama kwa kalamu nyumba zilizoingiwa na maji, na tarehe kando yake. Wakija wa mwakani, wapeleke kwenye huo ukuta kwanza kabla hujawatembeza juani.